Gharama ya Kunyoosha Bati

Siku mliyoniaga karakanani, mmoja wenu aliniuliza huku akitafuna keki: "Bi Rehema, wewe ulijifundisha ufundi mwenyewe mtaani Gerezani, halafu ukaenda chuo. Hebu tuambie ukweli. Chuo kinalipa?" Wote mkanitazama. Nami nikajibu kwamba soda zimepata baridi vizuri. Ndivyo nilivyo. Swali likiwa la maana ulimi wangu hukimbia, na jibu hunijia kesho yake nikikuna nazi.

Kwa hiyo naandika. Ukurasa huu nimeuchana na kuuanza upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na mlioniona nikipima kona za sanduku la spana kana kwamba ni bawa la ndege hamtashangaa. Sitaandika habari za vyeti wala mshahara. Vyeti vyangu vimo kabatini kwa wenye kuvipenda, na mshahara ni huohuo wenu, mnaujua ladha yake. Nitaandika habari za bati, kwa kuwa ndilo nililolilipia. Msitegemee nitawaomba mniunge mkono. Wapo walionambia nilikosea, wengine wamekwisha kufa wakisema hivyohivyo, na mimi bado nasema hapana.

Nilimaliza darasa la saba katika miaka ya Ujamaa, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, mjane aliyetoka Masasi na mtoto mgongoni. Tulipanga chumba Mtaa wa Swahili, Kariakoo, na mama aliuza maandazi kwa wapagazi wa sokoni. Unga ulipopatikana tulikuwa watu. Usipopatikana alirudi kutoka kwenye foleni ya duka la ushirika na kikapu kitupu, akakitundika ukutani.

Msichana wa wakati ule aliyekosa sekondari alipelekwa kwenye cherehani. Nami nilipelekwa. Nilishona pindo moja, nikaliona limepinda kidogo, nikalifumua. Nikashona tena, nikafumua tena. Mwenye cherehani alivumilia mpaka kitambaa kikaanza kutoboka, akaniambia, "Mwanangu, wewe hushoni, wewe unatafuta makosa. Nenda kayatafute kwingine."

Nikayapata Gerezani, kwa mafundi wa bati, hatua chache kutoka sokoni. Nilikuwa nimetumwa kuziba sinia la mama lililotoboka. Fundi aliitwa Chilumba, mtu wa Lindi, mwembamba, kofia ya viua imemkaa upande, na mdomo uliokuwa na kutu kuliko mapipa yake. Aliziba sinia wakati mimi nimechuchumaa pembeni. Kesho yake nikarudi mikono mitupu.

"Sinia limetoboka tena?"

"Shikamoo, Fundi. Hapana."

"Marahaba. Sasa nini?"

"Naangalia tu."

"Haya. Kuangalia ni bure. Kugusa ni ugomvi."

Niliangalia kwa miezi. Sikufundishwa. Mvua kubwa zilipokwisha nilikuwa nateremka bonde la Jangwani, ambako maji huacha kila walichopoteza watu wa juu, nikaokota ndoo na makarai yaliyobondeka. Nilikaa nayo uani nikayafungua viungo polepole, kunja kwa kunja, kama mtu anayefungua zawadi asitake kuchana karatasi. Nikishaona kilivyokunjwa, nakikunja tena. Majirani walimwambia mama mtoto amepata shetani wa chuma. Mama akawajibu kwamba wa chuma ni bora, angalau hali.

Kibandani kwa Fundi Chilumba palikuwa na kipande cha reli kilichopigiliwa juu ya gogo. Hicho ndicho kilichokuwa fuawe yetu, na watu watatu, mbali na yeye mwenyewe, walikaa wakikizunguka. Yeye alipata mafundi wake hivi: mtu akiondoka, nafasi inakuwa wazi, anayeikalia na nyundo yake ikaweza kuendana na mlio wa wenzake, ni yake. Akiacha kuja, inakaliwa na mwingine, na hakuna kwenda kushtaki kwa mjumbe. Kijana mmoja aliporudi kwao kulima, nikaketi. Hakuna aliyenikaribisha. Hakuna aliyenifukuza pia. Jioni ile nilimpelekea mama unga ambao haukutoka kwenye foleni, na tangu siku hiyo nafasi yangu kwenye reli ilikuwa nusu ya chakula chetu na kodi yote ya chumba.

Kazi yetu ilianzia kwenye pipa. Bati jipya lilikuwa la mgao, na mgao haukufika kwenye vibanda kama vyetu. Tulinunua mapipa ya lami yaliyokwisha, tukayachoma kutoa uchafu, tukayapasua kwa patasi, halafu tukayapiga juu ya reli mpaka yasahau kwamba yaliwahi kuwa duara. Kupiga huko kulikuwa kama bismillah. Huchori wala hukati kabla hujapiga. Mkono wangu uliizoea sheria hiyo kuliko ulivyozoea kijiko.

Balaa langu lilikuwa tumbo. Nilikuwa napiga sinia mpaka naridhika, na mwishowe katikati yake panainuka kama shavu la mtu anayezuia kicheko. Ukilibonyeza linasema tok, linazama. Ukiliachia linasema tok, linarudi. Nikiona hivyo napiga lile tumbo, nalo linakua. Sinia langu la kwanza alilichukua mama, na kila mpagazi aliyechagua andazi alilibonyeza: tok. Wakamwita Mama Tok. Yeye alicheka, maana jina lilivuta wateja. Mimi nilishindwa kula.

Masinia ya Fundi Chilumba yalilala chini kimya kama maji ya mtungini. Ndiye peke yake aliyetengeneza trei za mwoka mikate wa Mtaa wa Sikukuu, kazi iliyolipa kuliko zote, kwa kuwa trei yenye tumbo ikipata moto hujibonyeza yenyewe na mikate yote huegemea upande mmoja kama abiria wa lori. Zilipofika hatua ya kumalizia, Fundi alikuwa anasema, "Nendeni mkaninunulie kahawa." Sote watatu. Kikombe kimoja cha kahawa, watu watatu. Sikujiuliza.

Nilimuuliza kuhusu tumbo, kwa adabu, tena na tena.

"Mkono wako mchanga, mwanangu. Utakomaa."

"Lakini napiga kama wewe, Fundi."

"Ungepiga kama mimi lingekuwa limelala."

Nilimwamini. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu hili ndilo linaloniuma hata leo kuliko njaa yoyote: niliamini kwamba mkono wangu una kasoro. Niliufunga kitambaa kwenye kifundo. Nilijaribu kupiga kwa mkono wa kushoto. Nilibeba ndoo za maji ambazo hakuna aliyenituma ili mkono upate nguvu, kisha nikasikia kwamba nguvu ndizo zinazoharibu, nikaacha kubeba. Nikimaliza sinia nilikuwa nalifunika kwa kanga kabla mtu hajalibonyeza.

Ndipo chuo cha ufundi kikatangaza kupokea vijana waliojifunza kazi mitaani, na wasichana wakahimizwa wajitokeze. Ada haikuwa tatizo, serikali iliibeba, na walikupa kitanda, ugali na maharage. Hapo ndipo watu hukosea wanapopiga hesabu ya chuo. Wanaangalia ada. Gharama yangu ilikuwa reli. Miaka miwili, kutwa darasani, na reli haimngojei mtu.

"Nenda," alisema Fundi Chilumba, bila kuinua macho. "Ila ujue reli haina likizo."

Mama hakukubali upesi hivyo.

"Nyundo unayo. Mkono unao. Chuo cha nini? Utafundishwa kupiga kwa Kizungu?"

"Mama, nataka kujua mkono wangu una ugonjwa gani."

"Na unga ukikosekana, tutasonga huo ugonjwa?"

Sikulizima swali lake kwa maneno mazuri. Nilikwenda. Kama mnataka kuniita mbinafsi, ingieni kwenye foleni, shangazi yangu wa Jangwani yuko mbele yenu.

Chuoni tulipewa ovaroli za bluu zilizoshonwa kwa wanaume wanene. Wasichana tulikuwa wachache, tukazikunja miguu na kufunga mikanda ya katani. Mwalimu wetu wa bati alikuwa Mwalimu Mosha, mtu wa Kilimanjaro, mfupi, koti jeupe lenye kalamu tatu, na kila kitu alikisema kwa sauti ileile, kiwe pongezi au maafa. Wiki za kwanza tulishika tupa tu. Kusukuma tupa juu ya kipande cha chuma mpaka kiwe na pembe sawasawa. Wenzangu walilalamika. Mimi nilikuwa peponi. Mwishowe nilikisugua changu mpaka kikawa na pembe kamili lakini kimekuwa kidogo kuliko kilichotakiwa, na Mwalimu Mosha akakiweka kwenye kiganja, akasema, "Kizuri. Sasa kitafutie mashine ndogo."

Kisha likaja bati. Bati jipya, la mgao wa chuo, jembamba, linang'aa, limetoka ghalani kwa sahihi za watu wengi. Kundi letu lilipewa moja kwa muhula mzima. Sikuwahi kuwa karibu na bati la namna hiyo. Nilifika karakanani mapema kabla ya wote, kwa woga wangu uleule wa kutaka kila kitu kiwe tayari, nikalilaza juu ya meza ya chuma, nikachukua nyundo, nikafanya kile ambacho fundi yeyote wa Gerezani angefanya kabla ya kuchora. Nikalipiga. Nikalipiga lote, kwa uangalifu, safu kwa safu.

Wenzangu walipoingia lilikuwa limeota matumbo kama uji unaochemka.

"Nani amelipiga hili?" Mwalimu Mosha aliuliza, sauti ileile.

"Mimi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nalinyoosha."

"Lilikuwa limepinda?"

Nikafikiri. "Hapana, Mwalimu."

"Na sasa?"

"Sasa limepinda."

Darasa likaangua kicheko. Mwenzangu mmoja aliyeitwa Kassim, mtoto wa Upanga aliyeletwa chuoni na baba yake kwa nguvu, alishika mbavu. "Jamani, huyu ameona bati limelala akafikiri limekufa, akaanza kuliamsha!" Kicheko kilipokwisha wakakumbuka kwamba lile lilikuwa bati lao pia, na hakuna lingine mpaka muhula ujao. Nilisubiri kuambiwa nivue ovaroli. Nilikuwa nimeshaanza kufungua kifungo cha juu.

Mwalimu Mosha alichukua chaki. Akalizungushia duara tumbo moja, lile kubwa kuliko yote.

"Ndani ya mstari huu nyundo yako haina ruhusa. Utapiga nje. Anza karibu na chaki, nenda ukielekea ukingoni, pigo jepesi, kila upande. Tutaona."

"Mwalimu, tumbo liko ndani."

"Nimeliona. Kwa nini liko hapo?"

"Mkono wangu mchanga."

Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Mkono umeingiaje hapa? Umelipiga katikati, chuma kimetanuka, kikakosa pa kwenda, kikapanda juu. Ukikipiga tena hapohapo kinatanuka zaidi. Kipe nafasi pembeni nacho kitashuka. Hata mkono wa bibi yangu ungefanya vilevile." Akageuka, akachora ubaoni, akaeleza watu wote, mlango wa karakana ukiwa wazi na mfagiaji amesimama pale akisikiliza na fagio lake.

Nilipiga nje ya chaki. Bati lilikaa kimya, halafu polepole, kama mtu anayeketi, tumbo likashuka. Nikalibonyeza. Halikusema kitu.

Nilikwenda stoo ya zana nikalia. Kassim alidhani nalia kwa aibu, akaja kunipa leso na kuniomba radhi, na mpaka leo hajui. Nilikuwa nalia kwa hasira. Miaka yote ile nilikuwa nimefunga kitambaa kifundo cha mkono mzima.

Baada ya mitihani ya mwaka wa kwanza mama alikuja getini. Hakuingia. Alisema reli imepata mtu, kijana anaitwa Shomari, lakini Fundi Chilumba amekubali kumwondoa kama nitarudi wiki hiyo. Baada ya hapo, basi.

"Ulikwenda kujua habari za mkono. Umejua?"

"Nimejua."

"Mkono mzima?"

"Mzima."

"Basi twende nyumbani."

Mpaka leo sioni kosa katika hoja yake. Nilikwenda kununua kitu kimoja nikawa nimekipata. Mnunuzi mwenye akili huondoka sokoni. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba mambo yana sababu, na kwamba kuna mahali unaweza kuuliza sababu ukajibiwa bila kutumwa kahawa. Yalikuwa yamebaki kuchomelea, kusoma michoro, kukunja bati kwa mashine. Nilimwambia mama siji. Alikuwa amenifungia maandazi kwenye gazeti. Akaondoka nayo.

Ada yenyewe ilidaiwa baada ya hapo. Akiba yetu ilipokwisha, bila reli, kodi ya Mtaa wa Swahili ilimshinda. Akahamia kwa shangazi, Jangwani, chumba cha chini karibu na bonde. Masika yaliyofuata maji yakaingia. Mimi nilikuwa chuoni nimelala kitanda cha juu, nimeshika penseli kali, najifunza kuchora koni. Mama alisimama ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, mfuko wa unga kichwani, akitazama karai lake la kukaangia likitoka mlangoni peke yake kama mgeni aliyekasirika. Aliniambia mwenyewe, akiigiza karai, akicheka. Nilicheka naye. Usiku wa masika mimi bado siwezi kulala, na hamkuwahi kujua ni kwa nini msimu huo nafika kazini nimevimba macho.

Nilimaliza, nikapewa cheti, nikaambiwa ningoje barua ya kupangiwa kazi kwenye karakana ya shirika. Barua za wakati ule zilitembea kwa miguu. Nikiwa nangoja nikaenda Gerezani kumsalimia Fundi Chilumba. Sikwenda kuomba. Au nilikwenda kuomba, sijui. Nilikuwa nimebeba nyundo.

Shomari alikuwa kwenye nafasi yangu. Mbele yake sinia, na juu ya sinia tumbo, naye analipiga tumbo, jasho linamtoka. Kifundo chake cha mkono kimefungwa kitambaa.

Nadhani bila kile kitambaa ningesalimia nikaondoka. Nilichuchumaa, nikamwomba nyundo, nikaanza kupiga pembeni. Pigo la tatu tu, Fundi Chilumba alikuwa ameshanishika mkono.

"Usipige hapo mbele za watu."

Alisema kwa sauti ya chini sana. Nilimtazama. Sikuwa nimesema ninachofanya. Wala hakuuliza.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Njoo huku ndani."

Ndani ya kibanda alikaa juu ya pipa. Hakujitetea kwa uongo, namheshimu kwa hilo. "Fundi wangu kule Lindi nilimlimia shamba, nikamchotea maji, nikamwozeshea binti yake mwenye makengeza kwa ndugu yangu. Alinionyesha pigo lile alipokuwa haoni tena, hawezi kulitumia. Ujana wangu wote, Rehema. Wewe umelipata wapi?"

"Chuoni."

"Kwa nani?"

"Kwa mwalimu. Aliliandika ubaoni."

"Ubaoni!" Alishika kichwa kama aliyeambiwa nyumba imeungua. "Mbele ya watu wangapi?"

"Darasa zima. Na mfagiaji."

Nje nyundo zilikuwa zinalia. Kisha akasema, "Sikiliza. Shomari namtoa leo. Reli yako. Trei za mwoka mikate tutagawana, mimi mzee, nawe utarithi kibanda. Mama yako atarudi Kariakoo. Sharti langu moja: wakati wa kumalizia, hawa wanakwenda kahawa, sisi wawili tunabaki. Pigo linakaa humu."

Jamani, mtu asije akawaambia kwamba niliruka juu kwa ujasiri. Nilimwona mama na mfuko wa unga kichwani. Nilijua barua ya kazi huenda isije. Nilijua pia kwamba aliyekuwa ananiambia haya ni mtu aliyeniacha nifunge mkono kitambaa, akanitazama kila siku, akanywa kahawa. Na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelipa sana, akataka kilicholipiwa kibaki na bei yake.

Nikasema, "Shikamoo, Fundi," kwa kuwa sikupata neno lingine, nikatoka nje.

"Shomari," nikasema, "fungua hicho kitambaa. Mkono wako hauna kitu." Nikaomba kipande cha chaki kwa muuza mitumba wa jirani, nikachora duara kwenye sinia. Nikaita wote waliokuwa karibu, kibanda cha kulia na cha kushoto, na wateja waliotaka kuangalia. Nikaeleza kama Mwalimu Mosha alivyoeleza, isipokuwa nilirudia kila kitu mara mbili nikihofia nimekosea. Tumbo likalala.

Shomari alilibonyeza. Akalibonyeza tena. Akasema, "Mama yangu wee," polepole, na akaanza kufungua kitambaa.

Fundi Chilumba alisimama mlangoni. "Umenivua nguo sokoni," akasema. "Usikanyage tena hapa." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, nami nilikuwa na haki ya kufanya nilichofanya, na mpaka anazikwa hatukuamua nani mwenye haki kubwa zaidi.

Jangwani nilimkuta mama anakanda. Nilimweleza yote, hata ahadi ya kibanda.

"Yaani umeacha kibanda kwa sababu ya kupiga domo?"

"Mama, ulipomfundisha shangazi maandazi, ulimficha hamira?"

"Nilimficha! Ndiyo maana yake magumu." Akaendelea kukanda, kisha akaniangalia na unga mpaka kwenye nyusi. "Wewe umetoka wapi, mtoto wewe?"

Tukaishi Jangwani masika mengine. Barua ilikuja baadaye, nikaja karakanani mlikonikuta, na mengine mnayajua.

Sasa swali lenu. Chuo kililipa? Kilinipa cheti, na cheti kilinileta kwenye karakana ambayo nusu ya mashine zake zilikuwa zinangoja vipuri vilivyokuwa vinangoja meli. Kilimgharimu mama yangu chumba, karai na miguu iliyovimba kwa baridi mpaka uzeeni. Aliyebaki Gerezani alikula vizuri kuliko mimi kwa miaka mingi, msidanganywe na mtu. Kama hesabu yenu ni hiyo, jibu ni hapana, bakini nyumbani. Hesabu yangu mimi ni kwamba nilifika mahali pa kuambiwa mkono wangu ni mzima, mlango ukiwa wazi. Ningeilipa tena. Mwanangu akitaka kwenda nitauza kitanda, na anayesema mtoto wa mtaani hahitaji chuo kwa kuwa mtaa ni chuo, mwulizeni mtaa ulimfundisha pigo gani na ulimtuma kahawa mara ngapi.

Siku chache baada ya kufukuzwa nilikuwa napita Gerezani kwenda ofisi ya kazi kuulizia barua. Niliapa kutogeuza kichwa. Lakini masikio hayana shingo. Vibandani walikuwa wanapiga pembeni, wote, na walikuwa wanapiga vibaya, kwa haraka, kwa nguvu, wakianzia ukingoni kuja ndani. Kibanda cha tatu nikashindwa. Niliingia bila hodi.

"Dada, tuna kazi," fundi mmoja akasema. "Nini tena?"

"Kinyumenyume," nikamwambia. "Unaanzia karibu na tumbo, unakwenda nje. Na polepole. Lete hiyo nyundo."

"Si umefukuzwa wewe?"

"Kibanda kile cha Fundi tu," nikasema, nikaketi. "Lete."